Radhi ya Saa Nne Asubuhi

Siku hizi mbunge akizomea hotuba ya Rais, haingii tena bungeni mpaka ampigie simu kila mtu wa jimbo lake aliyeisikiliza, amwombe radhi, naye amsamehe. Mheshimiwa Masolwa alizomea. Watu elfu arobaini walikwisha kumsamehe. Alibaki Nyanjige, mjane ambaye wanawe walihamia mbali wasikumbuke hata kusalimia.

Kila siku saa nne simu ililia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Leo umechelewa, chai imepoa.”

“Nisamehe kwa kuzomea.”

“Bado haijaniingia moyoni. Hebu niambie, mkeo kajifungua?”

“Jana, mama. Wa kiume.”

Nyanjige akapiga kigelegele peke yake jikoni.

“Mama,” Masolwa akasema taratibu, “kesho wanapiga kura ya kisima chetu. Nisipokuwemo, maji yanakwenda kwa wenzetu. Umebaki wewe tu.”

Nyanjige akachungulia dirishani. Majirani walikuwa wakirudi kutoka bondeni na madumu matupu.

“Haya. Nimekusamehe.”

“Mungu akubariki!” Simu ikakatika kabla hajauliza mtoto kapewa jina gani.

Kisima kikachimbwa. Siku baada ya siku, saa nne ikapita bila simu kulia.

Siku ya hotuba nyingine, Nyanjige alifungua redio mapema, akajimiminia chai, akaweka simu mapajani. Rais akaanza kuhutubia.

“Zomea, baba,” alinong’ona. “Neno moja tu.”

Redio ikamletea makofi.