Sauti ya Makame

Sheria inasema roboti ya upasuaji isikilize sauti ya mwanamume tu. Kwa hiyo mimi, daktari bingwa, huenda kazini na mume wangu Makame, fundi cherehani. Mimi namnong'oneza, yeye anaisemesha roboti, roboti inakata.

Siku ya kwanza alizimia. Siku hizi ana maoni.

"Mke wangu, mshono huu umekunjamana. Mteja atarudi."

"Ni utumbo, Makame, si kanzu."

Manesi hucheka mpaka barakoa zinawateleza. Nyumbani huniagiza chai kwa sauti ileile ya kazini: "Sukari. Vijiko viwili. Taratibu."

Leo tulikuwa tunatoa kidole tumbo, mshipa ukapasuka ghafla. Nikamsogelea sikioni.

"Bana hapo, kushoto," akasema Makame, kabla sijatamka neno.

Roboti ikabana. Palikuwa ndipo penyewe.

Damu ikakatika, mgonjwa akaamka salama. Tulirudi kwa miguu, tukapitia kula urojo, nami nikamwita "Dokta" njia nzima huku tukicheka. Tulipofika mlangoni alinipokea mkoba wangu, kwa upole kabisa.

"Kesho pumzika, mke wangu," akasema. "Nitakwenda mwenyewe."