Sentensi ya Tatu

Sentensi ya kwanza ilikufa saa nne na dakika tano asubuhi.

"'Mkufunzi huyu ndiye mkali kuliko wote chuoni,'" mkufunzi waliyemwita Mkasi alisoma kwa sauti, amesimama mbele ya darasa na karatasi za mwanafunzi waliyemwita Kimya mkononi. "Nani amesema? Kulikuwa na mashindano?"

Darasa likacheka. Kalamu nyekundu ikapita.

Hivyo ndivyo kazi zilivyosahihishwa kwenye ile shahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Mkufunzi anasoma, mwandishi anatetea, na sentensi isiyo na chanzo inafutwa mbele ya watu. Zikifutwa tatu, kazi imefeli. Na hii ilikuwa kazi ya mwisho. Kimya akifeli leo anarudia mwaka, wakati gazeti lake lilimpa ruhusa ya mwaka mmoja tu, tena kwa kununa.

Waliagizwa kuandika wasifu wa mtu mwenye mamlaka juu yao. Wenzake waliandika mabosi na wenye nyumba. Kimya, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kunyoosha mkono hata kuomba dirisha lifungwe, alimwandika Mkasi mwenyewe.

"Shoga, una kichaa," alinong'ona Redio, jirani yake wa dawati, mtangazaji wa miaka mingi ambaye hata mnong'ono wake ulifika safu ya mbele.

"Alisema mwenye mamlaka."

"Alisema mwenye mamlaka. Hakusema ujichimbie kaburi."

Redio alikuwa na lake moyoni. Wiki tatu nyuma alimwona Kimya akishuka kwenye gari la Mkasi, kwenye kona nyuma ya maktaba, kisha akajibanza pale dakika tano nzima ndipo akaingia darasani peke yake. Juzi tena, Mkasi alipokohoa katikati ya somo, Kimya alitoa pipi ya tangawizi kwenye mkoba, akaitazama, akairudisha.

"Kuna kitu kati yenu," Redio alimwambia siku hiyo.

"Hakuna."

"Humpendi?"

Kimya hakujua kudanganya. "Nampenda," alisema. "Usiniulize zaidi."

Redio alishika kichwa. Na wale wasichana wa safu ya mbele, wanaojipaka wanja kila siku ya kipindi cha Mkasi, wakijua itakuwaje?

Ukweli ni kwamba kulikuwa na mapatano. Waliyaweka wawili tu, mlango umefungwa, wiki ya usajili: chuoni hawajuani.

"Sitakupendelea," Mkasi alimwambia.

"Nani kakuomba?" Kimya alimjibu.

Na kweli hakumpendelea. Darasani kwake hakukuwa na dada wala kaka, mkubwa wala mdogo. Wote aliwaita mwandishi, na alipomwita Kimya hivyo sauti yake ilikuwa baridi kuliko kwa wengine.

"'Wanafunzi wote wanamwogopa,'" Mkasi alisoma. "Wote? Uliwahoji?"

"Mimi simwogopi," Redio alidakia. "Naogopa kalamu."

"Umesikia, mwandishi. Imekufa."

Ya pili hiyo. Kurasa mbili zilizofuata zikapita salama: shule alizosoma, vyeti alivyopata, habari zilizompa jina, kila kitu na chanzo chake. Kimya hakupumua vizuri hata hivyo. Alijua kilichokuwa ukurasa wa mwisho. Alikiandika mara tatu na kukifuta mara tatu, kisha akakirudisha, kwa sababu ndiyo sentensi pekee iliyoonyesha mtu badala ya cheo. Na aliyemfundisha kutafuta mtu nyuma ya cheo ni Mkasi huyohuyo.

Mkasi akafungua ukurasa wa mwisho. Akausoma kimoyomoyo kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Masikio yakamwiva.

"Tusomee na sisi, mwalimu," Redio alisema.

"'Mtu huyu asiyemwonea mtu haya,'" alisoma polepole, "'alikuwa kikojozi mpaka darasa la nne.'"

Darasa lilipasuka. Msichana mmoja wa safu ya mbele alicheka mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni. Mkasi aliwaacha wamalize, akafungua kifuniko cha kalamu.

"Nani amesema?"

"Chanzo cha kuaminika."

"Chanzo kina jina."

"Kinaomba kifichwe."

"Kwa sababu gani?"

"Kuna mapatano."

"Na nani?"

"Na wewe, mwalimu."

Kicheko kikakatika kama umeme. Redio alifumba macho, kama mtu aliyeona sahani ikiteleza na anasubiri mlio.

Mkasi angeweza kuiacha ipite, nusu ya darasa isingegundua. Lakini hakuwahi kumwachia mtu yeyote, na hakutaka kuanza leo. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi.

"Maneno yasiyo na mwenyewe ni umbea, mwandishi. Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Kimya alisimama. Akashika ukingo wa dawati.

"Mbili."

"Mashuka nilikuwa nafua mimi," alisema, kwa sauti ambayo darasa lile halikuwahi kuisikia. "Kila asubuhi, mwanangu, kabla baba yako hajaamka."

Kalamu ilining'inia. Kisha Mkasi akainama juu ya karatasi, akakata neno moja, moja tu, akaandika jingine juu yake.

"Inabaki," alisema. "Ila ilikuwa darasa la tatu, Mama."