Baiskeli ya Kimo cha Nakijwa

Nakijwa aliikalia baiskeli ya tatu, akanyoosha miguu mpaka vidole vikauma, lakini chini bado hakufika. Breki zikakataa kufunguka. Tangu magari yapigwe marufuku milimani, watu wa Upare walishuka Same kwa baiskeli za mteremko, zenye springi mbele na nyuma, nazo zilimpima mtu kabla ya kumbeba.

"Shusha kiti basi, fundi. Mama yangu anakata roho huko chini, na kwa miguu simkuti."

"Kiti kimefika mwisho, dada," alisema fundi Mbwambo. "Kwa kimo chako imebaki hii."

Alimsogezea baiskeli ndogo ya njano. Nakijwa alipoikalia, nyayo zake zote mbili zikatua chini, springi zikabonyea vizuri, karibu alie kwa furaha. Ndipo usukani ukasema, "Mtoto hashuki bila ruhusa ya mkubwa wa nyumbani."

Nyumbani alikuwepo Namsifu peke yake, binti yake wa darasa la saba, aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima. Kwa baiskeli, kimo ndicho umri. Ikampigia Namsifu simu.

"Sema ndiyo, mwanangu. Bibi yako ananisubiri."

"Baba naye alisema anashuka mara moja tu."

"Mimi nitarudi. Haki ya Mungu, nitarudi!"

"Hapana, mama," alisema Namsifu taratibu, kwa sauti ileile ambayo Nakijwa humkatazia kusogelea korongo. "Njoo ule. Nimeshapakua."

Breki zikajikaza, kisha usukani ukageuka wenyewe kuelekea nyumbani.