Shimo la Nguzo ya Kati

Sheria inataka kila familia ijenge msonge sawasawa na ule wa kale uliofukuliwa ardhini. Jirani yetu alificha misumari kwenye fito. Askari wakamvunja vidole mbele ya wanawe.

Sisi hatukuthubutu. Mume wangu Rweyongeza alikata miti kwa shoka la jiwe, mimi na mama yake tukakanyaga udongo mpaka nyayo zikachubuka.

Leo mkaguzi alipapasa kuta, akachungulia shimo la nguzo ya kati.

“Kwenye shimo la ule wa kale tulikuta mwanamke, fuvu limepasuliwa. Wenu yuko wapi?”

Mama mkwe akanitazama. Nami nikamtazama.

Rweyongeza akaliokota shoka.

“Mama,” akamwambia mama yake kwa upole, “hebu watoe watoto nje.”