Hawakumwita

Mwezi wa kwanza katika nyumba ile ya tiba ulipokwisha, Hemedi aliruhusiwa kupokea wageni. Alinyoa ndevu, akaketi kwenye benchi la uani kumngoja mama yake, ambaye ndiye aliyemleta hapo, Hemedi akitetemeka kwa kukosa unga wa kulevya.

Aliyeingia ni mdogo wake, Saumu, peke yake.

"Mbona hukuja na mama?"

Saumu aliketi. Aliyatazama mashavu ya kaka yake yaliyoanza kujaa.

"Mama alifariki, kaka. Wiki ile ile uliyoingia hapa."

Hemedi aliinamia mikono yake. "Na mmeshamzika."

"Tumemzika."

"Mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee, Saumu. Nilikuwa nyuma ya ukuta huu tu. Nani aliwaambia msiniite?"

"Yeye mwenyewe," alisema Saumu kwa sauti ndogo. "Alipozidiwa alisema ukitoka kuja kumzika, hutarudi. Akatuapisha."

Hemedi alijua kwamba mama yake alisema kweli, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Kisha akainuka, akamwendea mlinzi, akamwomba amfungulie akalione kaburi.

Mlinzi hakumzuia, maana pale hakufungwa mtu. Alisukuma lango.

"Nikungoje?" aliuliza.

Hemedi alitoka nje, na Saumu akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.