Moyo wa Mama, Maji ya Mji

Siku hizi lango la mto halifunguki mpaka moyo wa mama utulie. Sisi Waogiek ndio tuliokabidhiwa msitu na maji yake, na mama ndiye mlinzi. Bangili aliyovaa husikiliza mapigo yake. Akitulia, mji mzima unakunywa. Akiingiwa na hofu, mabomba yanakauka hadi watu waje kumuuliza ameona nini.

Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayepaza sauti. Habari mbaya tunanong'onezana jikoni.

Jana kaka yangu Sigilai alirudi kutoka mizingani uso umemsawijika.

"Nyuki wamekufa," alininong'oneza. "Wametapakaa pale mtoni wanapokunywa."

"Tumwambie mama."

"Una wazimu? Mke wangu yuko hospitali ya mjini, anajifungua. Maji yakikatika je? Labda ni baridi tu iliyowaua, si maji."

Akanunua asali dukani, tukaimimina kwenye kibuyu anacholamba mama kila asubuhi, asije akagundua.

Leo asubuhi mama aliilamba, akakiweka kibuyu chini. Mimi nilitabasamu kama mjinga, macho kwenye bangili.

"Nyuki wangu wako wapi?"

Niliacha kutabasamu. "Walikufa, Mama. Kule mtoni."

"Lini?"

"Jana."

Bangili ikawaka nyekundu. Jikoni bomba lilikohoa mara moja, likanyamaza.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, taratibu, "Na mke wa Sigilai, tangu jana anakunywa maji gani?"