Vidole vya Mkufunzi

Mkufunzi alirudi kutoka kwenye chakula bila kunawa. Mafuta ya kuku yalikuwa bado yanang'aa vidoleni alipomshika kidevu binti mmoja kiziwi na kumgeuza awatazame walimu waliojaa ukumbini.

"Huyu ndiye mfano wetu wa leo," alisema. "Haya mwanangu, sema 'maji'."

Binti akatoa sauti ya kukwaruza. Mkufunzi akamtia kidole mdomoni, akambonyeza ulimi. "Mnaona? Tatizo liko hapa." Mtu akacheka huko nyuma. Wengine wakapiga makofi.

Mwalimu wake, aliyemleta kwa mkono wake mwenyewe, alitazama yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa ameambiwa kwamba kwenye semina hii watafundishwa namna ya kurekebisha somo ili mtoto kama huyu aelewe darasani pamoja na wenzake. Asubuhi alimsuka nywele, akamwambia kwa ishara kwamba leo watu wazima watajifunza kwake. Kumbe amempeleka mnadani kama mbuzi!

Akainuka, akapenya katikati ya viti, akautoa ule mkono mdomoni mwa mtoto kama mtu anayeondoa mende kwenye sahani.

"Mwalimu, vipi tena? Hatujamaliza zoezi," mkufunzi alilalamika.

Mwalimu alimfuta binti midomo kwa ncha ya mtandio wake. Binti akamtazama, akainua mikono, akauliza jambo.

Mwalimu akamgeukia mkufunzi.

"Anauliza amekosea nini," alisema. "Mjibu wewe. Mimi nitamtafsiria."